Anza na Gia, Resi Baadaye

Fundi wa mashine za kupachika anajibu barua za wasomaji wenye boti ndogo za tanga

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina boti ya tanga ya mita 7 na mashine ya nguvu za farasi 8, shafti ndefu, ya kuwasha kwa kuvuta kamba. Imekaa kwenye kiti chake nje ya ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, kushoto kwa usukani. Nina miaka 63 na mgongo umeanza kunisumbua. Kila nikitaka kubadili gia inanibidi niache kana, yaani mkono wa usukani, nipige magoti, niiname mpaka tumbo liko nje ya boti. Boti za mwendo kasi zina liva ya rimoti pembeni mwa nahodha. Je, na mimi naweza kufunga? Nianzie wapi?
Mzee wa Kana

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Naam, unaweza, na kwa hali uliyoieleza usingoje. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu ya yale maneno "tumbo liko nje ya boti". Mtu akiinama hivyo uzito wake wote umehamia nyuma. Tezi inazama, omo (mbele ya boti) inainuka, na hata angetaka kutazama mbele asingeona. Kana haina mwenyewe. Na hayo hutokea pale pale unapohitaji macho yako kuliko wakati wowote, yaani unapokaribia gati.

Hili nalijua kwa kunifika. Nilikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hii siku niliyokuwa naingiza gatini boti ya mteja, mashine imefungwa kama yako. Nimeshusha resi, nimepiga magoti, kichwa kiko chini, mkono unapapasa liva ya gia ubavuni mwa mashine. Nilitaka rivasi. Lakini ukiwa umeinama vile, mbele na nyuma vinachanganyika kichwani, nami nikaivuta liva kuja kwangu. Ikaingia gia ya mbele. Kufumba na kufumbua omo ikagonga gati, faiba ikapasuka urefu wa kiganja. Hakuna aliyeumia. Ila mtoto wa mwenye boti alikuwa amekaa pale mbele, miguu inaning'inia nje, na aliivuta ndani kabla tu ya kishindo. Ile miguu naiona mpaka leo.

Ndiyo maana kila anayeniuliza habari za rimoti namwambia aanze na gia. Wengi huanza na resi kwa sababu ni rahisi kuirefusha. Resi peke yake inakupa uwezo wa kuongeza mwendo ukiwa umekaa, halafu wa kusimama unabaki kule kule nje ya tezi.

Sasa tuitazame mashine yako. Kwenye bano linaloishika kuna kibati chenye namba za modeli. Mashine za farasi 2 au 3 mara nyingi hazina rivasi. Ukitaka kurudi nyuma unaizungusha mashine nzima, kwa hiyo rimoti ya kawaida haizifai. Kati ya 4 na 6 zipo zinazokubali. Kuanzia 8 nyingi zimetengenezewa vifaa vya kufungia rimoti, ila vinatofautiana kwa modeli na kwa mwaka. Mpe muuzaji namba za kibati kama zilivyo. Ukimwambia "ya farasi nane" tu atakupa kitu kisichokaa. Ndani ya pakiti utakuta kipande cha kushikia maganda ya kebo yasicheze, mikono midogo ya kuunganishia gia na resi, na pini zake.

Boksi chukua la liva moja. Katikati ni nyutro. Ukisukuma mbele, sehemu ya kwanza ya mwendo inaingiza gia tu, na kutoka hapo ndipo resi inapoanza kupanda. Nyuma ni hivyo hivyo. Kwa hiyo boksi lenyewe linakulazimisha kushusha resi kabla ya kubadili gia, jambo ambalo mkono wenye hofu husahau. Hakikisha lina kizuizi cha nyutro, kile kitufe au kishikio kidogo chini ya kirungu ambacho lazima ukivute ndipo liva itoke katikati. Hakikisha pia lina njia ya kupandisha resi bila gia, maana mashine ikiwa baridi utaihitaji. Na muulize muuzaji jambo hili kabla hujalipa: kuna mashine zinazofungua resi kebo ikisukumwa, na nyingine ikivutwa. Maboksi mengi hugeuzwa kufuata mashine, lakini lazima mtu akumbuke kuyageuza.

Kebo ni mbili, moja ya gia na moja ya resi. Kwenye mashine ndogo aina iliyozoeleka huitwa 33C, ingawa baadhi ya watengenezaji wana ncha zao wenyewe. Kebo hizi husukuma na kuvuta, tofauti na waya wa breki ya baiskeli ambao kazi yake ni kuvuta tu, na ndiyo sababu hazitaki kukunjwa vikali. Mkunjo wowote uwe na nusu-kipenyo cha sentimita 20 au zaidi. Mimi hupima urefu kwa bomba laini la maji. Nalipitisha njia yote, kutoka boksi litakapokaa, kupitia ndani ya sanduku la nyuma, kutoka tezini mpaka kwenye mashine. Halafu naishusha mashine, naipandisha kwenye kiti chake, naiinamisha, naigeuza kulia na kushoto mpaka mwisho. Mahali bomba linapokazwa zaidi ndipo napata urefu wangu. Mashine yako inapanda na kushuka, kwa hiyo nje ya tezi acha mkunjo mpana wa akiba. Kebo ikiwa fupi, unaponyanyua mashine inaweza kuivuta gia yenyewe.

Unapokuja kuunganisha, zima mashine na chomoa kofia ya plagi. Liva iwe nyutro, na gia ya mashine iwe nyutro. Zungusha propela kwa mkono uone iko huru pande zote mbili. Mkono wa gia kwenye mashine una uchezaji kidogo. Tafuta katikati ya uchezaji huo, kisha zungusha ncha ya kebo kwenye nyuzi zake mpaka iingie kwenye pini bila kulazimishwa. Ingiza gia ya mbele huku mwenzako anazungusha propela taratibu, msikie meno yanakamata mpaka ndani. Rivasi fanyeni vivyo hivyo.

Hapo usikubali "karibu sawa". Mezani ninapoandika nina klachi ya meno iliyotoka kwenye mashine ya mteja. Ni pete ya chuma inayotosha kiganjani, ina meno kila upande. Upande wa rivasi pembe bado kali, ukipitisha ukucha unakwama. Upande wa mbele pembe zimelika na kuwa mviringo, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Kebo ya gia ilikuwa imefungwa na upungufu wa milimita chache tu, meno yakawa yanagusana ncha kwa ncha bila kuingia mpaka ndani. Mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Baadaye kila resi ikipanda mashine inaruka gia, tak, tak, tak, boti imesimama na mashine inanguruma. Ikabidi kifunguliwe kichwa chote cha chini. Kwa sababu hiyo hiyo, gia iingize kwa mkupuo mmoja, resi ikiwa chini. Anayeibembeleza polepole akidhani anaitunza ndiye anayeila.

Liva ifunge pembeni mwa kokpiti, mahali mkono wako unapofika bila kuacha kana, lakini nje ya njia ya kamba za tanga. Demani (kamba ya kuongozea tanga) iliyolegea hupenda kujizungusha kwenye chochote kilichosimama, na ikikazwa na upepo inaweza kuitia boti gia wewe ukiwa unahangaika na tanga. Wengine huchomoa mkono wa liva wakiwa chini ya tanga. Ni tabia nzuri.

La mwisho kwako, mzee, ingawa kazini liwe la kwanza: kamba ya usalama, ile unayojifunga mwilini ili ukianguka ichomoke na kuzima mashine. Sasa hivi swichi yake iko kwenye mashine, na wewe utakuwa umekaa mbali nayo, kamba haitafika. Nunua boksi lenye swichi hiyo, au swichi ya pembeni, na waya wake uunganishwe na mashine kwa viungo visivyoingiza maji. Uelewe inavyofanya kazi. Kwenye mashine nyingi ndogo za petroli, kuzima ni kuugusisha waya wa kuzimia, unaotoka kwenye mfumo wa moto wa plagi, na bodi ya mashine. Maana yake, waya ukikatika au kiungo kikiliwa na chumvi, mashine haizimiki. Inaendelea kuunguruma na wewe uko majini. Kwa hiyo kila safari, kabla ya kufungua kamba za gati, washa, chomoa kamba ya usalama, usikie inakufa.

Kuwasha bado utavuta kamba kule kule nyuma, lakini hilo unalifanya boti ikiwa imefungwa. Fundi akitaka kuondoa kile kizuizi kinachofanya kamba isivutike mashine ikiwa kwenye gia, eti kinamsumbua kupitisha kebo, mkatalie.

SWALI: Fundi, mimi na mume wangu tuna mashine ya farasi 5 kwenye boti ya mita 6. Vifaa vya rimoti kwa modeli yetu hatujapata. Mkono wa resi tumeurefusha kwa bomba la plastiki, na gia tumefunga kamba mbili, moja ya kuvuta mbele na moja ya kuvuta nyuma kupitia kapi. Mume wangu anasema inatosha. Mimi sina amani nayo.
Dada wa Tanga Jeupe

JIBU: Dada yangu, nusu ya kazi yenu ni nzuri na nusu ibadilisheni.

Bomba la resi halina ubaya. Lipasueni kidogo mwishoni, libaneni kwenye mkono wa resi kwa klipu ya chuma ili lisiteleze. Mkumbuke kwamba kwa bomba refu nguvu ndogo ya mkono wako inakuwa kubwa kule mwisho, na ndani ya mkono wa resi kuna vipande vya plastiki. Ukifika kikomo, acha, usilazimishe. Kazeni ile skrubu ya kushikilia resi ili isirudi yenyewe kwa mtikisiko, na bomba liondolewe kabla ya kuinamisha mashine.

Kamba za gia ndizo zinazokunyima amani, na una haki. Kamba hunyooka. Leo umeikaza vizuri, kesho imelowa na kulegea, nawe unavuta ukidhani gia imeingia mpaka ndani kumbe imeishia njiani. Umeshasoma habari za ile klachi hapo juu. Na siku kapi ikikwama utakuwa na mbele bila nyuma, au nyuma bila nyutro.

Wekeni fimbo. Bomba la alumini lililonyooka, ncha moja imeshikwa kwenye liva ya gia kwa bano na kiungo kinachocheza, ncha ya pili inapita kwenye tundu la kuiongoza na kufika mkononi mwenu. Liva yenyewe msiitoboe, ibaneni. Fimbo inasukuma na inavuta, na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba inakuletea hisia: gia ikikaa mahali pake utausikia ule mguso mdogo kiganjani, kama ungekuwa umeishika liva yenyewe. Ukishauzoea, pakeni rangi kwenye fimbo alama tatu, za mbele, nyutro na rivasi. Iwe rahisi kuchomoka mkitaka kupandisha mashine. Kisha mwambie shemeji yangu kamba zile zitafaa kazi nyingine.

SWALI: Rimoti yangu ina miaka mingi. Siku hizi liva ya gia imekuwa ngumu, mpaka nitumie mikono miwili. Nimetia mafuta kwenye boksi, hakuna nafuu. Tatizo ni boksi, kebo au mashine?
Nahodha wa Jioni

JIBU: Chomoa kebo ya gia kwenye mashine, kisha sogeza liva. Ikiwa bado ngumu, ubaya uko kwenye kebo au boksi. Chomoa na upande wa boksi utajua ni ipi. Ikiwa imekuwa laini, ubaya uko kwenye mashine, na mara nyingi ni maungio yaliyokauka bila grisi. Mimi nabashiri kebo. Ipitishe vidoleni yote, utakuta mahali ganda limevimba au limepasuka. Nimewahi kukata moja pale ilipovimba: ndani waya ulikuwa umegandamana na kutu nyekundu, na maji yakadondoka. Kebo ikifika hapo haitibiki kwa mafuta. Badilisha, na ubadilishe zote mbili pamoja, kwa kuwa zimezeeka pamoja na zimepita njia moja. Mpaka hapo usitoke nayo. Liva inayotaka mikono miwili itakukatalia siku uliyo na mmoja tu.

SWALI: Nafikiria kuiacha petroli na kununua mashine ya umeme. Wanasema rimoti yake haina shida hata kidogo. Ni kweli?
Kijana wa Betri

JIBU: Kijana, kwa habari ya kebo ni kweli. Mashine nyingi za umeme za boti ndogo hazina sanduku la gia la kubadili. Mota inazungushwa upande huu au ule. Kwa hiyo liva ni moja na kinachokwenda kwenye mashine ni waya wa umeme, unaopita popote na kona yoyote bila kuogopa kukunjika kama kebo ya chuma. Ukinunua, angalia aina. Torqeedo, kwa mfano, mashine zao za Cruise zimekuwa zikiuzwa za mkono kwa herufi T na za rimoti kwa herufi R. Ukichukua isiyo yako utaanza kutafuta vifaa vya ziada.

Mambo mawili nayatilia mkazo. Badala ya kamba ya kuvuta swichi, nyingi hutumia kipande chenye sumaku. Usikiweke karibu na dira, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asikivae kifuani. La pili ni rimoti zisizo na waya. Ninazipenda kwa mtu anayesafiri peke yake, anayetaka kusimama omoni akamate gati huku bado anaitawala mashine. Lakini zina betri ndogo ndani, na betri huisha. Hakikisha kuna liva ya waya au mkono wa kawaida ambao utaufikia bila kutafuta, na siku tulivu fanya zoezi la kuzima ile isiyo na waya katikati ya maji uone unachukua muda gani kushika nyingine.

SWALI: Fundi, nilifunga rimoti msimu uliopita na naifurahia. Ila limezuka jambo: tukikutana na mawimbi propela inatoka majini na mashine inapiga kelele. Zamani haikuwa hivyo. Je, tumekosea kufunga kebo?
Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Kebo hazina kosa, ndugu yangu. Ni wewe uliyehama. Zamani ulikuwa umekaa nyuma kabisa mkono kwenye mashine, uzito wako unaizamisha tezi. Sasa umekaa mbele zaidi, tezi imenyanyuka, na propela imenyanyuka nayo. Mwenzako akienda omoni kuandaa nanga ndiyo kabisa.

Kwanza ishushe mashine kwenye kiti chake mpaka mwisho. Wengi huiacha tundu moja juu. Ikiwa imeshafika mwisho, tazama shafti. Vipimo vya kawaida ni sentimita 38 kwa fupi, 51 kwa ndefu na 64 kwa ndefu zaidi, na boti nyingi za tanga zenye mashine tezini zinahitaji mojawapo ya hizo mbili za mwisho. Kabla ya kununua chochote, hamisha kilicho kizito. Tangi la petroli, nanga ya akiba, betri, vyote vinaweza kurudi nyuma kidogo, ila betri na swichi visikae sanduku moja na tangi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Halafu nipimie kitu. Maji yakiwa yametulia, kaa pale unapokaa siku hizi, mwenzako akae pale anapokaa, na mtu wa tatu aliye gatini apime kutoka juu ya maji mpaka kwenye lile bapa lililo juu ya propela. Lazima liwe chini ya maji. Niandikie ni sentimita ngapi, pamoja na namba za kibati cha mashine, nitakuambia kama kiti kinatosha kushushwa au unahitaji shafti nyingine.